Jina Linaloitwa Ng'ambo

Siku hizi ukitaka kuvuka mto Malagarasi pale Kabusindi, unapiga simu. Boti ya injini inakuja inanguruma, unapanda, unashuka, na hata sura ya aliyekuvusha huikumbuki. Kijiji chenyewe kimenenepa. Bati zinang'aa, mashine za kusaga ziko mbili, kanisa na msikiti vinatazamana kama majirani wanaoombana chumvi, na mawese ya pale yanafika mpaka Ujiji. Vijana wanadhani mambo yalikuwa hivi tangu zamani. Nani atawaambia? Wanaojua wamechoka kusimulia, na wasiojua hawana haja ya kuuliza.

Basi wajue. Kabusindi haikuanza na nyumba, ilianza na sauti. Mtu mmoja aitwaye Ruhaza alishuka kutoka milimani Kalinzi na shoka lake, akaangusha mti, akachonga mtumbwi na kujenga kibanda ukingo wa kusini. Wabeba chumvi kutoka Uvinza walipofika ukingo wa kaskazini na kukuta maji yamejaa, waliita, "Ruhaza!" Naye akaitika, "Nipo!" akashika kafi. Ikawa desturi. Mtoni pale hakuna aliyeita "mvushaji" wala "mwenye mtumbwi". Unaita jina la mtu, na mwenye jina akishaitika amejifunga: lazima aje, mvua inyeshe au jua lichome. Wazee walisema mto umejaa viboko na mamba, hautoi njia kwa watu wasiojuana majina.

Ruhaza akafa, wakaita "Pastory!", ndiye mwanawe. Mwaka wa sabini na nne Operesheni ya vijiji vya ujamaa ikaja, ikawahamisha watu wote na kuwapanga mistari kando ya barabara kama mahindi. Kibanda cha mvushaji tu kikaachwa mtoni, maana hata wakubwa wa Operesheni walihitaji kuvuka. Pastory akafa, wakaita "Leodgar!"

Huyu Leodgar ndiye mwenye habari hii. Miaka ile ya tisini alikuwa na umri wa kama hamsini, mabega mapana, mdomo mzito. Hakuwa na mshahara. Kila kaya ilimletea kapu la muhogo wakati wa mavuno, na mgeni alitoa alichonacho. Alikuwa na tabia moja mbaya: akiitwa, aliitika upesi lakini alikwenda polepole. Alimaliza ugali kwanza, akanawa, akatazama mawingu. Watu waling'aka ukingo wa pili, naye akawaacha waite mara mbili, mara tatu, kwa sababu kusema kweli alipenda kusikia. Mtu mwingine ana ng'ombe, mwingine ana shamba la michikichi. Leodgar alikuwa na jina lake kwenye midomo ya watu, likivuka maji kila siku, na hilo lilimtosha.

Mwishoni mwa mwaka tisini na sita vita vikawaka Kongo. Mitumbwi ikavuka ziwa imebeba watu hadi imezama nusu, wakashuka Kigoma na vijiji vya ufukweni, na serikali ikawapeleka wengi kambini Lugufu. Wengine walipenya vijijini kimyakimya. Mmoja wao alikuwa Hamdani, mvuvi kutoka upande wa Baraka, huko Kongo, pamoja na mkewe Ziada na binti yao mdogo aliyekuwa bado ananyonya. Walifika kwa Leodgar wamebeba sufuria moja na mkeka uliolowa.

Leodgar aliwakaribisha mwenyewe, tusimnyime haki yake. Aliwapa jiko la nyuma walale. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na Hamdani hakungoja hata hiyo ya tatu. Alikuta mtumbwi unavuja, akauziba. Alikuta gati la miti limeoza, akakata miti mipya. Alimwita Leodgar "yaya", ndivyo kwao wanavyomwita kaka mkubwa, na Leodgar akaona ni vizuri kuwa na mdogo uzeeni.

Kisha likaja jipu. Lilimwota Leodgar kwapani, la mkono wa kulia, kubwa kama yai la bata, na mwezi mzima hakuweza kunyanyua kafi. Akamwita Hamdani, akampa kafi ya Pastory mbele ya mkewe Brigita, na kumwambia neno moja: akisikia jina la Leodgar linaitwa, aitike na kwenda.

"Ntaitika, yaya," Hamdani akasema. "Jina ya kivuko iko yako. Miye niko mukono tu."

Jipu likapona. Wakagawana siku: Leodgar asubuhi, Hamdani mchana hadi jua lizame. Mpango mzuri, nani angeulaumu? Lakini baada ya wiki chache Leodgar aligundua jambo. Asubuhi mto ulikuwa mtupu. Alikaa kwenye gati na kafi mapajani, akatazama ndege wakitembea juu ya magugu maji, na ng'ambo hakuna mtu. Jua likishapita utosi, ndipo watu walipojaa pande zote mbili kama siku ya soko. Wenye miguu miwili na akili timamu walikuwa wanakaa nyumbani nusu ya siku ili wavushwe na Mkongo.

Na kwa nini wasikae? Hamdani alipiga kafi amesimama, mtumbwi ukaenda bila kuyumba. Aliwashika bibi vizee mkono mpaka wakae. Aliweka majani makavu pale penye maji ili khanga zisilowe. Alijua mtoto wa nani anaharisha na mbuzi wa nani amepotea, na aliuliza habari zao hata siku ya pili, maana alikumbuka. Akawa anaimba katikati ya mto, nyimbo za kwao, na wanawake wakaitikia. Kicheko chao kilipanda mpaka shamba la muhogo, na Leodgar, kila alipokisikia, alikita jembe chini kwa nguvu kuliko udongo ulivyohitaji.

Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Leodgar alikonda kweli. Alianza kutafuta kasoro kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Mtumbwi umefungwa vibaya. Kafi imeachwa juani. Mtu gani anaimba penye mamba? Alimwonea wivu Hamdani kwa miguu yake, kwa meno yake, kwa namna binti yake mdogo alivyokuja kutembea kwenye ukingo bila kuogopa, hali watoto wa Leodgar mwenyewe walikuwa wameoa na kuolewa na kuhama na hakuna hata mmoja aliyetaka kafi. Siku moja alirudi akakuta Brigita amemtengea Hamdani kichwa cha samaki, mgebuka wa ziwani, kile chenye nyama ya shavuni, ambacho miaka thelathini kilikuwa chake yeye.

Brigita alipoona uso wake akamwambia kwa Kiha kwanza, kisha kwa Kiswahili ili hata Ziada asikie, kwamba mugabo wake, mume wake, anamwonea wivu mtu asiye na hata kiti. Leodgar akajibu kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Brigita akasema nguo hiyo aivue basi, tuone kama hatasikia baridi.

Mwaka tisini na saba ulipokaribia kwisha, likaja tangazo. Redio ilisema, na tarishi akalibandika kwenye mlango wa ofisi ya kata: wakimbizi wote wanaoishi vijijini waende kambini. Kabusindi watu walisikia, wakakunja midomo, wakaendelea na kazi zao. Nani hajui nani? Hamdani alikuwa amelima, alikuwa amezika mama mkwe wa jirani, alikuwa amechangia harusi. Walikubaliana bila kikao kwamba hapo kijijini hakuna mkimbizi.

Leodgar naye alikubali. Mpaka Jumanne moja.

Jumanne hiyo alasiri alikuwa shambani, juu kidogo ya mto. Ng'ambo alitokea Marcelina, muuza dagaa, mwanamke wa palepale kijijini ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akirudi kutoka ziwani na kapu lake kichwani na kuita "Leodgar!" kwa sauti nyembamba inayopenya hata usingizi. Safari hii alitua kapu, akaweka mikono mdomoni na kuita:

"Hamdani!"

Leodgar alisimama na jembe mkononi. Likaitwa tena, jina lile lile, polepole, kwa raha. Alihisi kama mtu aliyevuliwa shati sokoni. Babu yake aliitwa pale, baba yake aliitwa pale, na sasa linaitwa jina la mtu aliyekuja juzi na sufuria. Hakungoja kusikia jibu. Alitupa jembe, akashika njia ya juu inayozunguka mgombani ili asiuone mto, akaingia ndani na kujifunika shuka jua likiwa bado kali. Brigita alimuuliza kama ni homa. Akasema ni homa.

Alfajiri ya Jumatano alimwambia mkewe anakwenda kununua chumvi. Alichukua mtumbwi mdogo wa zamani wa Pastory, akavuka peke yake, akaufunga kwenye matete ukingo wa kaskazini, na kutembea saa mbili mpaka ofisi ya kata. Mtendaji alikuwa kijana aitwaye Urbanus, mtu wa Songea, aliyeletwa huku na serikali na ambaye bado alikuwa anahangaika na malaria. Leodgar alimsalimu, akakaa, akazunguka na maneno ya mvua na mihogo, kisha akasema kuna mtu kule kwao, jina lake Hamdani, na anafanya kazi isiyo yake.

Urbanus aliweka kalamu chini.

"Shida ni kwamba sasa umenitajia, mzee wangu," akasema. "Usingenitajia nisingejua. Nikishajua lazima niandike."

"Andika," Leodgar akasema.

Akarudi. Njiani alijaribu kufurahi na furaha haikuja, lakini aliisukuma miguu. Mvua za mwaka ule zilikuwa za ajabu, zilinyesha kama zinalipiza kisasi, na huko juu zilikuwa zimenyesha tangu usiku. Alipofika ukingoni alikuta mto umepanda mpaka shingoni mwa matete, mwekundu, unabeba migomba mizima. Mtumbwi wa Pastory haukuwepo. Kamba imekatika, umekwenda zake ziwani.

Hapo ndipo mvushaji alipojua jambo ambalo hakuwahi kulijua tangu azaliwe. Hakuwahi kuita. Yeye siku zote alikuwa upande wa kuitwa. Alisimama pale na miguu imelowa, watu wachache wakionekana ng'ambo kama sisimizi, na alihitaji jina. La Hamdani lilimfika mpaka kooni, akalimeza. Afadhali alale na mamba. Alitembea juu, akatembea chini. Maji yakazidi kupanda. Mwishowe akaweka mikono mdomoni na, kwa aibu iliyomwasha masikio, akaita jina pekee alilolikubali:

"Leodgar!"

"Nipo!" sauti ikajibu palepale.

Mtumbwi mkubwa ukatoka gatini. Hamdani alikuwa amesimama, akiusukuma kwa upande, akiacha mkondo umchukue kisha anaukata, anaukata, mpaka akagusa ukingo. Alimshika Leodgar mkono kama alivyowashika bibi vizee. Hawakuimba. Katikati ya mto, macho yake yakiwa kwenye maji, Hamdani aliuliza.

"Yaya, chumvi iko wapi?"

Leodgar akasema ilikwisha dukani. Hakuna mtu aliyepata kusikia kwamba chumvi imekwisha upande ule, nchi ya Uvinza nyuma yake tu. Hamdani alipiga kafi mpaka wakafika.

Nyumbani Brigita alikuwa anasonga ugali wa muhogo, na alikuwa na cheko lake la pembeni. Alisema Leodgar amekosa kituko jana. Marcelina alikuwa amebishana na wenzake sokoni kwamba Hamdani atamjia akimwita kwa jina lake, basi akaita na kuita. Hamdani alikuwa amekaa gatini anamtazama, mikono mapajani. Hakuitika. Marcelina akaita mpaka sauti ikakauka, kapu la dagaa likiungua juani. Alipochoka akaita "Leodgar", ndipo Hamdani akasema nipo na kumfuata.

"Akamwambia, mama, hapa hakuna kivuko cha Hamdani," Brigita akasema, akitua mwiko. "Marcelina mwenyewe ndiye ananihadithia, anacheka mpaka anashika mbavu. Weye mbona huli?"

Leodgar hakula. Tonge lilikaa mkononi mpaka likapoa. Aliwaza arudi kwa Urbanus kesho yake, aseme alikosea, aseme alikuwa na homa. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mtu hujaribu. Siku ya Alhamisi mto ulikuwa haupitiki. Ijumaa haukupitika. Alikaa gatini siku zote mbili anautazama, na Hamdani alikaa kando yake anasuka kamba mpya, na mara kumi Leodgar alifungua mdomo na mara kumi akaufunga.

Jumamosi maji yakatulia. Saa nne asubuhi, zamu ya Leodgar, lori likasimama ng'ambo. Wakashuka mgambo watatu na askari mmoja mwenye karatasi.

"Wee, mvushaji!" mgambo mmoja akapaza sauti.

Hakuna aliyeitika. Watu walikuwa wameanza kusogea ukingoni, Marcelina na kapu lake, wazee wa kanisa, wazee wa msikiti, na wote walitazama maji. Mgambo akaita tena, mvushaji, lete mtumbwi. Leodgar alikaa juu ya kafi yake. Kwa mara ya kwanza maishani aliishukuru desturi ya babu yake: aliyeitwa bila jina halazimiki kwenda. Waite mpaka kesho, alijisemea. Waite mpaka wachoke, warudi walikotoka.

Askari akaikunjua karatasi. Ilikuwa na jina moja tu. Akalisoma kwa sauti:

"Hamdani!"

Hamdani akainuka. Akajipangusa nyuzi za kamba magotini. Tangu afike Kabusindi hakuwahi kuliitikia jina lake kutoka ng'ambo ile, hata kwa utani, hata kwa Marcelina.

"Nipo," akasema.

Ziada alikwisha kuelewa, alikuwa tayari anafunga sufuria ndani ya mkeka. Wakapanda, mama, baba na mtoto. Leodgar alishika kafi kwa sababu ilikuwa zamu yake na kwa sababu hakujua mikono yake aiweke wapi. Wakafika katikati, pale mkondo unapovuta zaidi, na hapo maneno yakamtoka yenyewe.

"Ni mimi niliyekwenda kwa mtendaji."

"Najua, yaya," Hamdani akasema. "Ulirudi bila chumvi."

Aliona mtumbwi unaanza kukaa vibaya, akanyoosha mkono na kusaidia upande wake kwa kiganja, kama mtu anayefanya kazi yake. Kwenye ukingo alimshusha mtoto, akamshusha mkewe, akapanda lori. Mgambo mmoja, mtu mwenye adabu zake, akamgeukia Leodgar na kusema kwa sauti ya kutosha kuvuka mto kwamba mtendaji amemshukuru sana mzee kwa kuleta taarifa. Maji yalikuwa yametulia, upepo hakuna. Ng'ambo walisikia wote.

Hakuna aliyemtukana. Brigita aliendelea kupika, akampa kichwa cha mgebuka, akala mkia yeye. Mavuno yalipofika kila kaya ikaleta kapu lake la muhogo, likawekwa mlangoni bila upungufu. Kivuko kikawa chake asubuhi na mchana, peke yake, kama alivyotaka.

Wiki ya kwanza alikaa gatini akingoja kuitwa. Kimya. Akadhani watu hawasafiri. Siku ya tatu aliinua macho tu, akaona Marcelina amesimama ukingo wa pili na kapu kichwani. Haikujulikana amesimama hapo tangu saa ngapi. Alikuwa anamtazama Leodgar moja kwa moja, na mdomo wake umefungwa. Leodgar alingoja aite. Aliinua hata mkono, kumwonyesha kwamba yupo, kwamba anasikia. Marcelina hakuinua wake. Nyuma yake wakaongezeka watu wawili, kisha mzee mmoja wa msikiti, nao wakasimama vilevile.

Leodgar akashika kafi na kwenda mbio, bila kutazama mawingu, na ugali wake akauacha unapoa. Kuanzia siku hiyo hakuthubutu tena kuupa mto mgongo. Alikula akiutazama, alichonga mipini akiutazama, mpaka macho yakaanza kumtoka machozi kwa mng'ao wa maji, akichunga kama kuna mtu amesimama ng'ambo. Walisimama kila siku. Alivusha watu miaka kumi na moja zaidi, mpaka boti ya injini ilipokuja, na hakuna aliyeita.